Barbara McClintock: Mtafiti wa mahindi aliyegundua vinasaba vinavyohama

MKULIMA yeyote wa Bariadi, Itilima au Maswa aliyewahi kukaa barazani akipukuchua mahindi ya mbegu ya kienyeji ameliona jambo hili. Gunzi lina punje nyeupe tupu, halafu katikati zinajitokeza punje mbili tatu za njano au za zambarau. Mara chache zaidi hukutana na punje moja yenye madoa na michirizi, kana kwamba imerushiwa wino.

Wengi huzitupia kuku au huzisaga pamoja na nyingine, na habari yake huishia hapo. Lakini alikuwapo mwanamke mmoja wa Marekani aliyezichukua punje za namna hiyo, akazikagua moja moja kwa miaka mingi, na kutokana nazo akagundua jambo ambalo wataalamu wenzake hawakulipa uzito kwa zaidi ya miaka 20. Huyo ni Barbara McClintock, aliyefariki mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 90, baada ya kupewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi aliyoifanya kwenye shamba la mahindi.

Maisha yake yanamhusu mkulima na mfugaji wa Simiyu kuliko inavyodhaniwa. Alichokigundua kinasaidia kueleza kwa nini baadhi ya wadudu wa pamba hawafi kwa sumu iliyokuwa ikiwaua, kwa nini dawa ya mifugo inafika mahali haiponyi, na kwa nini mbegu za zamani zilizobaki kwenye vihenge vya wazee zisiachwe zipotee.

Utoto na shule

McClintock alizaliwa Juni 16, 1902, katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba yake alikuwa daktari, lakini ndiyo kwanza anaanza kazi na kipato kilikuwa kidogo. Kwa sababu hiyo, Barbara akiwa bado mdogo alipelekwa kuishi kwa vipindi na ndugu wa baba yake. Mwenye nyumba huko alikuwa mfanyabiashara wa samaki, na mtoto huyo alipenda kuongozana naye kwenye shughuli zake na kumtazama akitengeneza gari lilipoharibika. Mapenzi ya kuchokonoa vitu na kujua vinavyofanya kazi yalianzia huko.

Mwaka 1908 familia ilihamia Brooklyn, New York. Alimaliza sekondari mwaka 1919 akitaka kwenda chuo kikuu. Mama yake alikataa. Hofu yake ni ile ambayo wazazi wengi wa Usukuma nao wamewahi kuwa nayo, kwamba binti akisoma sana hataolewa. Baba aliporudi kutoka vitani Ulaya, alikokuwa daktari wa jeshi, aliunga mkono upande wa binti, na mwaka huohuo Barbara akajiunga na Chuo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Cornell, ambako masomo hayakulipiwa ada.

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1923, ya pili mwaka 1925 na ya udaktari mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 25. Hakuolewa katika maisha yake yote, na hakuna ushahidi kwamba alilijutia hilo. Shamba, hadubini na mahindi vilimtosha.

Kwa nini mahindi

Pale Cornell, Profesa Rollins Emerson alikuwa amekusanya vijana waliotaka kujua jinsi mimea inavyorithishana tabia. Walichagua mahindi kwa sababu ambayo kila mkulima anaweza kuithibitisha shambani mwake.

Hindi lina mbelewele juu, ambazo hutoa chavua, na ndevu zinazotoka kwenye hindi changa. Kila uzi mmoja wa ndevu unakwenda kwenye punje moja. Chavua ikidondoka juu ya uzi huo, punje inatungwa. Kwa hiyo gunzi lenye punje 400 ni sawa na mama mwenye watoto 400, na kila mmoja anaweza kuwa na baba yake. Upepo ukileta chavua kutoka shamba la jirani aliyepanda mahindi ya njano, utaona punje za njano kwenye gunzi lako jeupe msimu huohuo. Mnunuzi wa mahindi meupe anayelalamika kwamba gunia limechanganyika anaweza kuwa analalamikia upepo, siyo ujanja wa muuzaji.

Ndani ya kila chembe hai ya mmea, mnyama au mtu kuna nyuzi ndogo sana zinazoitwa kromosomu. Nyuzi hizo ndizo zilizobeba vinasaba, yaani maagizo ya rangi, urefu, muda wa kukomaa na tabia nyingine. Mahindi yana jozi 10 za kromosomu. Kabla ya McClintock, hakuna aliyeweza kuzitofautisha vizuri kwa macho. Yeye aliboresha namna ya kuzitia rangi na kuziangalia kwa hadubini, na kufikia mwaka 1929 alikuwa ameweza kuitambua kila moja kati ya zile 10 kwa urefu na umbo lake.

Mwaka 1931, akiwa pamoja na mwanafunzi aliyeitwa Harriet Creighton, alionyesha kwamba kromosomu mbili za jozi moja hubadilishana vipande wakati mmea unatengeneza mbegu zake za uzazi. Ndiyo sababu mtoto hafanani moja kwa moja na baba wala mama. Jambo hilo lilikuwa likidhaniwa tu, wao wakalionyesha kwa ushahidi wa macho.

Sifa bila ajira

Pamoja na sifa hizo, McClintock alihangaika kupata kazi ya kudumu. Vyuo vingi vya Marekani wakati huo havikutaka kuajiri wanawake kama wahadhiri wa sayansi. Aliishi kwa misaada ya muda ya utafiti, akihama kutoka chuo kimoja hadi kingine. Mwaka 1933 alikwenda Ujerumani, lakini Hitler alikuwa ameshika madaraka na hali ilikuwa mbaya kwa wanasayansi, hivyo akarudi nyumbani kabla ya muda wake.

Mwaka 1936 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Missouri. Huko alichunguza mahindi yaliyopigwa mionzi ya eksirei, akiangalia jinsi kromosomu zinavyovunjika na kujiunga tena. Baada ya miaka mitano aliona hana mustakabali pale, akaondoka. Mwisho wa mwaka 1941 alifika kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor, kando ya bahari katika jimbo la New York. Hapo alipewa maabara na eneo dogo la kulima mahindi, na hapo alikaa hadi kifo chake, zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1944 alichaguliwa kuingia Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, akiwa mwanamke wa tatu kufika huko. Mwaka 1945 akawa rais wa chama cha wataalamu wa vinasaba nchini humo, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo.

Utaratibu wake shambani ulikuwa wa mkulima mdogo. Hakulima eneo kubwa. Alipanda mimea ambayo angeweza kuijua mmoja mmoja, akaifunika mbelewele na mahindi machanga kwa mifuko ili upepo usiingilie, akachavusha kwa mkono wake na kuandika kila mmea umetoka kwa mama yupi na baba yupi. Baada ya mavuno alikagua kila gunzi, punje kwa punje.

Siri ya punje zenye madoa

Kuanzia mwaka 1944 alishughulika na mahindi yaliyokuwa na tabia ya ajabu. Punje zilikuwa hazina rangi, lakini juu yake kulikuwa na madoa ya zambarau. Nyingine zilikuwa na madoa makubwa machache, nyingine madoa madogo mengi. Majani nayo yalikuwa na michirizi.

Elimu ya wakati ule ilisema kila kinasaba kina mahali pake kwenye kromosomu na hakitoki hapo. McClintock aliona mambo hayaendi hivyo. Kromosomu moja, ile ya tisa, ilikuwa ikivunjika mara kwa mara mahali palepale, na mahali hapo palikuwa na kitu kilichosababisha uvunjikaji huo. Halafu katika baadhi ya mimea kitu hicho kikaonekana mahali pengine. Kilikuwa kimehama. Kufikia mwaka 1948 alikuwa na uhakika.

Ili kuelewa, fikiria daftari la hesabu la AMCOS wakati wa ununuzi wa pamba. Kila mwanachama ana ukurasa wake. Sasa chukulia kwamba karatasi moja imechomoka upande mmoja wa daftari na kujipachika katikati ya hesabu za mwanachama mwingine. Hesabu za mwanachama huyo hazisomeki tena, ingawa hakuna aliyezifuta. Karatasi hiyo ikichomoka, zinasomeka kama zamani.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye punje. Kipande kinachohama kilikuwa kimejipachika katikati ya kinasaba cha rangi, rangi ikakosekana. Punje ilipokuwa inakua, katika chembe moja kipande hicho kilichomoka. Chembe hiyo ikapata rangi, na chembe zote zilizozaliwa nayo zikawa na rangi. Hilo ndilo doa. Kikichomoka mapema doa linakuwa kubwa, kikichelewa linakuwa dogo. McClintock aligundua pia kwamba kipande cha aina moja hakiwezi kuchomoka chenyewe mpaka kiwepo kingine cha kukiamsha.

Hapa mkulima atofautishe mambo matatu. Punje nzima ya rangi tofauti kwenye gunzi kwa kawaida ni matokeo ya chavua mchanganyiko. Madoa ya rangi ndani ya punje moja mara nyingi ni kazi ya vinasaba vinavyohama, na punje hiyo ni chakula salama. Lakini unga wa kijani, kijivu au mweusi ulioota juu ya punje ni ukungu, na aina nyingine za ukungu huleta sumukuvu, ambayo mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Punje za aina hii ya tatu hazifai kuliwa na watu wala kupewa mifugo.

Ukumbi ulionyamaza

Mwaka 1950 alichapisha matokeo yake, na mwaka 1951 aliyaeleza mbele ya wataalamu waliokutana Cold Spring Harbor. Hayakupokelewa vizuri. Wengi hawakumfuata alichokuwa akisema, kwa kuwa ushahidi wake ulikuwa mwingi na mgumu, na ulidai mtu ajue mahindi kama alivyoyajua yeye. Watafiti wachache wa mahindi walikubali kwamba vipande hivyo vinahama kweli, baadhi yao wakaona jambo hilohilo kwenye mimea yao. Hata hivyo, ilionekana ni kituko cha mahindi tu, kisichohusu viumbe vingine.

Baada ya mwaka 1953 McClintock aliacha karibu kabisa kuyatangaza matokeo hayo kwenye majarida makubwa. Hakuacha kazi. Aliendelea kupanda, kuchavusha na kuandika taarifa zake za kila mwaka kwa taasisi iliyomlipa mshahara. Hakubadilisha alichokiona ili apate kukubalika, wala hakupoteza muda kugombana na waliompuuza.

Kukusanya mbegu kabla hazijapotea

Sehemu ya maisha yake isiyojulikana sana ndiyo inayowagusa zaidi wakulima wadogo na wafanyabiashara wa nafaka. Katika miaka ya 1940 na 1950, mbegu chotara zilikuwa zimeenea Marekani na kuanza kuingia nchi za Amerika ya Kati na Kusini, ambako mahindi yalianzia. Wataalamu waliogopa kwamba mahindi ya asili ya vijiji vya huko, yaliyolimwa kwa maelfu ya miaka, yangetoweka. Ukaanzishwa mpango wa kukusanya mbegu kijiji kwa kijiji na kuzihifadhi kwenye vituo maalumu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 McClintock aliombwa kuwafundisha vijana wa nchi hizo namna ya kuzichunguza kromosomu za mahindi yaliyokusanywa. Kazi hiyo ilimvutia mwenyewe, akaifuatilia kwa miaka mingi akishirikiana na watafiti wawili, Takeo Angel Kato wa Mexico na Almiro Blumenschein wa Brazil. Kitabu chao kilitoka mwaka 1981.

Kwenye kromosomu za mahindi kuna vinundu ambavyo huonekana kwa hadubini. Mahindi ya sehemu moja yana vinundu hapa, ya sehemu nyingine yana vinundu pale. Kwa kuvilinganisha, waliweza kueleza mahindi ya bonde fulani yalitoka wapi, yalipitia njia ipi, na yalikutana na mahindi gani njiani. Mbegu hutembea na watu wanaohama na wanaofanya biashara. Mwanamke aliyebeba mbegu mfukoni kwenda kuolewa mbali na mchuuzi aliyepakia gunia kwenda gulio la pili waliacha alama ambayo bado ilisomeka karne nyingi baadaye.

Usukuma una historia ya namna hiyo. Mtama na uwele ni mazao ya kale huku, mahindi ni mgeni aliyeletwa Afrika na meli za Wareno kuanzia karne ya 16. Tangu yafike, kila kizazi kimechagua mbegu zake kulingana na udongo, mvua na ladha ya nyumbani.

Dunia yamrudia

Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa bakteria walianza kuona vipande vya vinasaba vikihama ndani ya vimelea hivyo vidogo. Mwaka 1974 ilionyeshwa kwamba kinasaba kinachoifanya bakteria istahimili dawa ya ampisilini kinaweza kuruka kutoka DNA moja kwenda nyingine. Baadaye vipande vya namna hiyo vikaonekana kwa inzi, kwa hamira, kwa wanyama na kwa binadamu. Kumbe hakikuwa kituko cha mahindi.

Heshima zikaanza kumiminika kwa mwanamke aliyekuwa amestaafu rasmi tangu mwaka 1967. Oktoba 1983, akiwa na miaka 81, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba, peke yake, mwanamke wa kwanza kupata tuzo hiyo ya tiba bila kugawana na mtu. Nyumbani kwake hapakuwa na simu, akasikia habari hizo redioni. Aliendelea kwenda maabara karibu hadi mwisho. Alifariki Septemba 2, 1992.

DNA yasomwa

McClintock alifanya kazi yake kubwa bila kuisoma DNA. Wakati anaanza, haikujulikana hata kwamba DNA ndiyo inayobeba urithi. Leo mtaalamu huchuma kipande cha jani, akakisaga, akaitenga DNA kwa dawa, kisha mashine huisoma kama maandishi marefu yenye herufi nne tu.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha maandishi hayo ya mahindi, yenye herufi zipatazo bilioni 2.3. Karibu asilimia 85 yalikuwa ni vipande vinavyohama au mabaki yake. Kile kilichoitwa kituko kilikuwa sehemu kubwa ya hindi lenyewe. Kwa binadamu ni karibu nusu. Pamba ya aina inayolimwa Simiyu, ambayo DNA yake ilisomwa na kuchapishwa mwaka 2015, nayo imejaa vipande hivyo. Yote haya ni ya asili na hayana uhusiano na mbegu zilizobadilishwa vinasaba maabara.

Usomaji huo umeshawafikia wakulima wa Afrika Mashariki. Ugonjwa hatari wa mahindi ulipozuka Bomet, Kenya, mwaka 2011, na kuripotiwa Tanzania mwaka 2012, sampuli za Kenya zilisomwa vinasaba vyake, zikathibitisha kuwa virusi wawili walikuwa wakishambulia mmea kwa pamoja. Mwaka 2017 watafiti walitumia mashine ndogo inayobebeka mkononi kutambua virusi wa muhogo Tanzania, Uganda na Kenya, na wakulima wakapata majibu ndani ya saa 48.

Funzo kwa Simiyu

La kwanza linahusu pamba. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliwachunguza viwavi wanaoshambulia tumbaku na pamba, ndugu wa funza wa vitumba, waliokuwa hawafi kwa sumu ya bakteria iitwayo Bt. Waliona kipande kinachohama kimejipachika ndani ya kinasaba kinachotengeneza sehemu ambayo sumu hujishikiza tumboni mwa kiwavi. Sumu ikakosa pa kushika. Funza mmoja mmoja hajifunzi kuvumilia sumu. Wachache huzaliwa na mabadiliko hayo, wenzao wanakufa, wao wanabaki na kuzaana. Mkulima anayepiga sumu ya aina moja msimu hadi msimu, au anayeichanganya pungufu ili kubana matumizi, anawachagulia funza wazazi wao. Inafaa kubadilisha aina ya sumu kwa ushauri wa bwana shamba, kufuata kipimo, na kung'oa na kuteketeza masalia ya pamba baada ya mavuno.

La pili linahusu mifugo. Kinasaba cha kustahimili dawa jamii ya tetrasaiklini, zikiwamo OTC zinazouzwa karibu kila duka la mifugo, ni miongoni mwa vile vinavyosafiri ndani ya vipande vinavyohama. Bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake wa aina nyingine kabisa. Ndiyo maana kuchoma sindano kwa kubahatisha, kuacha dozi katikati, au kuwapa kuku antibayotiki kama chakula ni hatari hata kwa mtoto wa jirani ambaye hajawahi kula kuku huyo. Na mfanyabiashara wa dawa anayempimia mteja nusu dozi kwa sababu fedha haitoshi anashiriki kujenga usugu huo.

La tatu ni mbegu. Hakuna ubaya kupanda chotara, na anayetaka mavuno makubwa anunue mpya kila msimu, kwa kuwa mbegu iliyochaguliwa kwenye mavuno ya chotara hutawanyika tabia. Aina zisizo chotara kama Staha, TMV-1 na Situka zinaweza kurudiwa kwa misimu michache zikitunzwa. Lakini mbegu ya babu, hata kama inatoa magunia machache, huenda ina kinasaba cha kuvumilia ukame au ugonjwa ambacho hakijasomwa na mtu yeyote. Ikiliwa yote mwaka wa njaa, hakuna mashine itakayoirudisha.

Anayetaka kuitunza atenge eneo lililo mbali na mahindi ya wengine, walau mita 200, au apande kwa muda tofauti ili maua yasikutane. Achague mbegu kwenye mimea mingi ya katikati ya shamba, siyo magunzi matano mazuri tu, kwa sababu mbegu iliyotoka kwa wazazi wachache hudhoofika. Sehemu ya mbegu hizo anaweza kuipeleka kwa ofisa ugani na kuuliza namna ya kuifikisha benki ya taifa ya mbegu iliyopo Arusha, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), au kwa watafiti wa TARI Ukiriguru, Misungwi.

La mwisho ni daftari. McClintock alimaliza ubishi wa miaka mingi kwa sababu alikuwa ameandika kila mmea, mama yake, baba yake na alichokiona. Mkulima anayeandika tarehe ya kupanda, jina la mbegu na mahali aliponunua, sumu aliyopiga na kipimo chake, ana kitu cha kumwonyesha bwana shamba mambo yanapoharibika. Daftari la shule na kalamu vinatosha kuanzia msimu ujao.